Walakini ya Habakuki

Somo la juma: Habakuki 3:16–19

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili mwezi ni mpevu, na mtu wa Kigoma akisikia hivyo anajua mitumbwi iko mchangani. Dagaa wetu huvuliwa gizani. Jioni wavuvi wanaingia ziwani, wanawasha taa, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukishajaa, ziwa lote linakuwa jeupe na taa ya mvuvi inakosa kazi. Ndiyo maana huku kwetu mtu atakwambia "tunasubiri giza" huku uso umemchangamka, mgeni akabaki anashangaa ni watu gani hawa wanaosubiri giza.

Siku hizo chache za kila mwezi tumeshazizoea. Sisi kina mama tunaoanika dagaa Katonga na Kibirizi tunajua kuzitengea akiba. Tusichokuwa tumekizoea ni siku 90 na zaidi. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi nne zinazoligawana ziwa hili, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Sibishani na uamuzi ule. Aliyenunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, miaka mingi kama mimi ameona kwa macho yake jinsi ndoo zinavyopungua. Ila kuielewa sababu hakuivishi chungu.

Jumapili moja ya Juni mwaka ule, kipindi cha shuhuda, alisimama kaka mmoja mvuvi. Si msemaji. Alishika mgongo wa benchi la mbele yake akasema, "Wapendwa, mimi sina ushuhuda. Nyavu ziko darini. Rejesho la kikoba nadaiwa wiki ya tatu hii. Mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Tangu Jumatatu tunakula ugali kwa matembele. Lakini nimekuja." Akaketi.

Kanisa kimya. Hakuna aliyejua kama ni pa kusema "Amina" au "pole". Kiongozi wa ibada, kwa nia njema kabisa, akasema tumwombee ndugu yetu Bwana amwongezee imani. Tukaomba. Lakini mimi kule nyuma maombi yalinishinda, nikabaki nafikiri: huyu aongezewe imani ipi tena? Shuhuda zetu zina kanuni yake: nilikuwa na shida, nikaomba, nikapata. Kaka yule alikatia katikati, kabla ya kupata, halafu akaweka "lakini" mahali ambapo sisi tumezoea kuweka muujiza.

Nilipofika nyumbani nikaitafuta sura ya tatu ya Habakuki. Naomba tuisome wote juma hili, na tuisome polepole. "Maana mtini hautachanua maua, wala mizabibuni hamtakuwa na matunda, taabu ya mzeituni itakuwa bure, na mashamba hayatatoa chakula, zizini hamtakuwa na kundi, wala vibandani hamtakuwa na ng'ombe, walakini nitamfurahia BWANA, nitamshangilia Mungu wa wokovu wangu."

Neno walakini tunalijua, na tunalijua kwa sifa mbaya. Mshenga akianza kueleza kuwa binti ana adabu, anajua kupika, kwao ni watu wa dini, walakini… utaona wazee wanakaa vizuri kwenye viti. Hata limegeuka kuwa jina la kasoro yenyewe. Gari lina walakini. Hesabu za kikundi zina walakini. Hakuna binadamu asiye na walakini. Kwetu ndilo neno linalokuja mwisho kuharibu yote mazuri yaliyotangulia.

Habakuki anakwenda kinyume chake. Kasoro zote amezitanguliza, sita kwa hesabu, moja baada ya nyingine bila kuruka, na linapofika zamu ya walakini, anayeingia ni Mungu. Waliotutafsiria Biblia ndio waliochagua neno hili, na mimi nawashukuru kila ninapolifikia, maana tangu siku ile sikulisikia tena kama zamani.

Tuziangalie hizo sita, maana watu wengi tunazikimbilia ili tufike kwenye kushangilia. Anaanza na tini na zabibu, vitu vya utamu. Mtu anaweza kuishi bila zabibu. Halafu mzeituni, na hapo sisi watu wa Kigoma tuelewe haraka, kwa sababu mzeituni kwao ulikuwa kama mchikichi kwetu: mafuta ya kupikia, ya taa, ya kupaka, ya kuuza. Kisha mashamba, yaani chakula chenyewe. Kisha zizi na kibanda, yaani mtaji, kile unachouza mambo yakiharibika. Ameanzia kwenye kitoweo akamalizia kwenye akiba ya mwisho. Hakuacha mlango wa nyuma.

Nilijaribu kuiandika kwa mazingira yetu, nisomee nyumbani. Dagaa hawataifuata taa, wala mgebuka hautaingia wavuni. Mchikichi utatoa vishada vitupu. Muhogo utapigwa na batobato. Bandani hakutakuwa na mbuzi, na sanduku la kikoba litafunguliwa likutwe tupu. Nilipofika hapo kalamu ilisimama. Ni rahisi sana kusema walakini kwa tini na zabibu za watu wengine.

Na huyu nabii hakuwa mtu wa moyo mgumu. Kitabu chake kinaanza kwa malalamiko: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Aliona udhalimu kwao Yuda, akaulizia, akajibiwa kwamba Wakaldayo wanakuja, watu wakali kuliko hao aliowalalamikia. Fikiria unaombea mvua unaambiwa inakuja gharika. Mstari wa 16, ule unaotangulia mtini, unasema tumbo lake lilitetemeka, midomo ikatikisika, mifupa ikaisha nguvu. Mtu wa mstari wa 18, anayeshangilia, ndiye huyo huyo wa mstari wa 16 anayetetemeka. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliacha kwanza kutetemeka.

Kwa hiyo mtu asije akakuambia kwamba kulia ni kukosa imani. Paulo, aliyewaandikia Wafilipi "furahini" akiwa kifungoni, ndani ya barua hiyo hiyo anasema Epafrodito aliugua karibu kufa, na kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Barua tunayoiita ya furaha ina mtu anayekiri kwamba huzuni ilikuwa imeshamfikia, na nyingine ilikuwa njiani.

Jambo jingine dogo ambalo nililiruka miaka yote liko mwisho kabisa wa sura: "Kwa mwimbishaji, kwa vinanda." Orodha ile ya hasara alimpelekea mwalimu wa kwaya! Ikafundishwe sauti, ipigiwe vinanda, iimbwe mbele za watu. Nawauliza wanakwaya wetu bila ugomvi: lini mara ya mwisho tumeimba kwamba zizi ni tupu?

Sasa nifike ninapopaogopa. Ziwa lina tarehe. Agosti 15 ilifika, wavuvi wakashusha nyavu kutoka darini, na mwaloni kukarudi kelele. Kipindi kigumu chenye tarehe mtu anaweza kukivumilia kwa kuhesabu kalenda tu, hata asiyeamini anaweza. Lakini wapo kati yetu ambao kipindi chao hakikutangazwa mwisho wake. Aliyefiwa. Aliyeachwa. Ndugu zetu walio kambini Nyarugusu, kule Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1996 na ina watu waliozaliwa humo, wakakulia humo, wakazaa humo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "vumilia, karibu itafunguliwa," unampa ahadi ambayo Mungu hakukutuma. Habakuki hasemi mtini utachanua mwaka ujao. Pengine alitamani kusema. Hakusema.

Baba watoto wangu alikuwa fundi wa mitumbwi. Mitumbwi mingi pale ufukweni ilipita mikononi mwake, akiikalafati pamba na mafuta mpaka isivuje tone. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakapotea. Anaelewa unachosema, akili yake ipo, ila akitaka maji anaweza kusema "nyundo," akajikasirikia. Jina la kitinda mimba wetu halimtoki. Mtumishi mmoja alikuja kutuombea, akaniambia nyumba hii ingekuwa na imani mzee angekuwa ameshainuka. Akamaliza chai yetu, akaaga. Sikumjibu, ila vikombe nilivigonganisha kidogo wakati wa kuviosha.

Wazee wa hapa wanapenda kusimulia habari za meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye makasha, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na Malagarasi inapoingia ziwani. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Ilipoinuliwa na Waingereza mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mume wangu alikuwa anaisimulia kwa ajili ya sehemu moja tu, ya grisi. Angesema, fundi anajulikana siku ya kuzama.

Jioni moja, kama miezi minne baada ya kiharusi, tulikuwa kwenye sala ya nyumbani. Watoto wakaanzisha wimbo wa zamani wa kitabuni, ule aliokuwa akiuimba akichonga mbao. Akaimba. Si kuguna, aliimba maneno, ubeti mzima, kwa besi yake ile ile iliyokwaruza kidogo. Watoto wakanyamaza kwa mshtuko, yeye akaendelea peke yake. Ulipokwisha nikamwambia, "Baba, sema basi jina la mwanao." Akashindwa. Machozi yakamtoka, na mimi pia.

Hospitali walitueleza kwamba hutokea. Kuimba kunatumia sehemu za ubongo ambazo kuongea hakuzitegemei sana, kwa hiyo mtu aliyepotewa na maneno anaweza bado kuimba nyimbo alizozijua tangu zamani. Sikuona aibu kwamba lina maelezo ya kidaktari. Kwani grisi haina maelezo? Nilichokiona ni kwamba kile alichokipakaa miaka arobaini, bila kujua kwamba siku moja atazama, kilikuwa bado kipo. Habakuki naye, kabla hajaufikia mtini, anaanza sala yake kwa kusema, "Ee BWANA, nimesikia habari zako." Nusu ya sura ile ni kukumbuka mambo ya zamani, Mungu alivyotembea na watu wake, milima ikatawanyika na maji yakapita. Walakini yake haikutungwa siku ya msiba.

Sisemi mume wangu amepona. Hajapona. Mazoezi anafanya, mguu unajitahidi, mkono bado. Dagaa nikiuza vizuri tunapata nauli ya kliniki, nisipouza hatuendi. Sitawadanganya kwamba kila asubuhi naamka nikishangilia. Zipo siku ninafika mstari wa 17 naishia hapo, nafunga Biblia nakwenda kugeuza dagaa juani.

Kwenye vikundi vyetu vya nyumbani juma hili naomba tufanye jambo moja. Kila mtu aandike mstari wake wa 17. Aandike kwa majina: duka, mimba, kazi, mtoto asiyepiga simu. Asiharakishwe. Mwenzako akifika kwenye mbuzi wa mwisho akashindwa kuendelea, usimmalizie sentensi kwa mahubiri. Kaeni naye hapo. Kama walakini haimtoki kwa sasa, waliopo wamwimbie, yeye asikilize. Wanakwaya mnajua kwamba hata asiyeimba siku hiyo bado yumo kwenye kwaya.

Jana usiku nilimtoa nje kwenye kiti chake tupunge upepo. Mwezi ulikuwa umejaa, ziwa lote jeupe, hakuna taa hata moja majini. Akaunyooshea mwezi mkono wake mzima, akatafuta neno, likagoma, akaliacha. Halafu akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, wa tatu akauruka kama alivyokuwa akiuruka hata alipokuwa mzima, na mimi nikashika sauti ya pili.