Rangi ya utepe si agizo

Mwaka 2005, katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, moyo wa mgonjwa ulisimama. Waliokimbilia kitandani wakaona utepe wa njano mkononi mwake, wakasita. Hospitalini hapo njano ilikuwa alama ya mgonjwa ambaye moyo wake ukisimama asikandamizwe kifua ili kuurudisha. Nesi aliyeufunga alikuwa akifanya kazi hospitali mbili, na kule kwengine njano ilimaanisha "mkono huu usitolewe damu". Mwenzao mmoja aligundua kosa kwa wakati, kazi ikaanza, mgonjwa akanusurika.

Mzembe simwoni katika kisa hicho. Naona rangi moja yenye maana mbili, na mtu mmoja anayeingia milango miwili. Mwaka 2008 chama cha hospitali za Marekani kilipendekeza rangi tatu kwa nchi nzima: nyekundu kwa mwenye aleji, njano kwa aliye katika hatari ya kuanguka, zambarau kwa asiyekandamizwa kifua.

Kabla ya kuiga hayo Unguja na Pemba, tuitazame mikono inayoletwa mapokezi na inayofunga tepe. Daktari wa serikali asubuhi anaweza kuwa huyo huyo wa kliniki binafsi jioni. Timu za madaktari wa China zinapokezana hapa tangu 1964, na wanafunzi wa udaktari wa Ulaya huja kwa wiki chache wakaondoka, kila mmoja na rangi alizofundishwa kwao. Mtalii anayeletwa kutoka Nungwi au Kiwengwa huenda amevaa utepe wa plastiki wa hoteli, njano au zambarau, unaofanana kabisa na wa wodini. Huo ukatwe pale pale mapokezi. (Hirizi ni suala jengine. Iacheni, haichanganyi mtu.)

Kwa maoni yangu utepe upewe kazi moja tu: kusema huyu ni nani. Hiyo peke yake ni kazi kubwa kwetu. Wodi moja ya wanawake inaweza kuwa na Fatma Ali Juma wawili na Fatma Juma Ali mmoja. Majina matatu hayatoshi. Ziongezwe tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili. Namba ya kitanda isitumike kabisa, maana wagonjwa huhamishwa usiku. Jina liwe lile la kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwani aliyeshushwa botini kama "Bi Kidawa" huenda kwenye karatasi ana jina jengine.

Na namna ya kuuliza ina makosa yake. Ukisema "Bi Fatma Ali?" mama wa watu ataitika "labeka" kwa adabu, hata kama hakusikia vizuri, hata kama si yeye. Labeka ni kuitika tu, haithibitishi kitu. Sema: "Shikamoo bibi, nitajie jina lako, la baba na la babu." Asiyeweza kusema, jamaa yake alitaje jina mwenyewe, asisomewe akatikisa kichwa.

Kuna la udhu pia. Maji hufika kwenye kiwiko mara tano kwa siku, na wino wa kalamu ya kawaida hauoni siku ya pili. Itumike kalamu ya wino usiofutika, na juu yake plasta angavu. Anayekata utepe ili apate mshipa wa dripu ndiye anayefunga mwengine, saa ile ile. Mkono ukivimba, utepe ufungwe kifundoni mwa mguu.

Sasa agizo lenyewe, la kutomkandamiza mgonjwa kifua moyo ukisimama. Mahali pake ni ukurasa wa kwanza wa faili, kwa maneno kamili. Herufi DNR, kifupi cha Kiingereza cha agizo hilo (Do Not Resuscitate), peke yake hazitoshi: mmoja husoma "asikandamizwe kifua", mwengine husoma "aachwe". Tofauti hiyo ndiyo inayoua kimya kimya, kwa sababu mgonjwa mwenye agizo bado anastahili antibayotiki, oksijeni, mofini ya maumivu, kulishwa, kugeuzwa kila saa mbili. Kwa hiyo ningetaka karatasi ianze na yatakayofanywa, ndipo ifuate sentensi moja: "Moyo au pumzi zikisimama, asikandamizwe kifua wala asishtuliwe kwa umeme." Chini yake: tarehe na saa, jina na saini ya daktari mkuu wa wodi, nani alizungumzwa naye, alisema nini, na siku ya kuliangalia upya. Akienda kupasuliwa, lizungumzwe tena kabla ya dawa ya usingizi. Likifutwa, karatasi isichanwe: mistari miwili ya mshazari, neno LIMEFUTWA, tarehe, saini.

Neno la kutumia mbele ya jamaa lina uzito kuliko fomu. Vitabu vingi vya huduma ya kwanza husema "kufufua". Kwa mswali yeyote, kufufua ni kwa Mwenyezi Mungu, siku ya Kiyama. Daktari akisema "tumeamua tusimfufue mzee wenu", anayesikia hupata kufuru na kukatiwa tamaa katika sentensi moja. Taja mikono inafanya nini: "Moyo wake ukisimama, hatutamkandamiza kifua, kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio utakaokuwa umeusimamisha. Dawa za maumivu zinaendelea." Familia zitauliza dini inasemaje, na ni haki yao. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia, katika fatwa namba 12086 ya mwaka 1409 Hijria, iliruhusu jambo hili pale madaktari watatu mabingwa na waaminifu wanapokubaliana kwamba tiba haitafaa. Fatwa hiyo haijibu maswali yote ya kwetu, ila inafungua mazungumzo na shekhe wa familia.

Moyo ukisimama na faili halionekani, anza. Katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, na mtu mmoja akalitafute faili. Agizo likipatikana, mnaacha. Ila dakika ulizomsubirisha asiye na agizo hazirudishwi na yeyote.

Kosa la upande wa pili halitajwi sana kwa sababu halina kelele: aliyetaka aondoke kwa utulivu, mbavu zikivunjika chini ya mikono ya watu, huku wanaotaka kumsomea Yasini na kumtamkisha shahada wamesukumwa nje ya pazia. Hilo nalo liandikwe kama kosa.

Kosa lolote likitokea, faili lisiandikwe upya. Anayesahihisha apige mstari mmoja unaoacha maneno ya zamani yasomeke, aweke saa na saini. Utepe uhifadhiwe kwenye bahasha. Jamaa waambiwe siku hiyo hiyo na daktari mkuu, si mwanafunzi wa zamu: nini kimetokea, nini bado kinachunguzwa, lini atarudi kwao na jibu. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ya wafiwa. Daktari akiwatangulia kuyasema, yanakuwa pazia. Wa kuulizwa kwanza ni utaratibu: nani alifunga, aliusoma vipi, kwa nini ulisomeka hivyo. Ila aliyebadilisha faili usiku hana utaratibu wa kumtetea.

Halafu kuna faili la zamani. Mgonjwa aliyeandikiwa agizo akiwa na homa kali ya mapafu akapona, anarudi baada ya miezi saba kwa mguu uliovunjika. Masjala wanavuta faili lile lile, na karatasi ya kwanza bado ni ile. Karani wa mapokezi abandike karatasi yenye tarehe ya leo juu yake, na daktari wa zamu alifute au alithibitishe agizo kabla mgonjwa hajapelekwa wodini.