Siku moja maishani mwangu: sumaku moja, sayansi tatu

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Ninatunza mashine ya NMR, inayotumia sumaku kali kusoma viini vya atomu. Watafiti wa fizikia, kemia na biolojia huitumia kwa zamu. Wengi hudhani kazi yangu ni kuosha neli na kubonyeza vitufe.

Saa 1 asubuhi. Naanza na baridi. Koili ya sumaku imezama kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na kuizunguka kuna naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Heliamu ikipungua mno, koili hupata joto na heliamu iliyobaki huchemka yote kwa mkupuo. Nasoma kipimo, naandika daftarini, kisha najaza naitrojeni milango ikiwa wazi. Lita moja yake ikigeuka gesi hukaribia lita 700, na gesi hiyo haina harufu wala rangi ya kukuonya kwamba oksijeni imekwisha chumbani.

Saa 3. Wanakemia. Dakika chache kwa kila sampuli. Wanataka tu kujua kama walichotengeneza jana ndicho walichokusudia.

Saa 5 akaja mwanafunzi mmoja wa uzamivu, uso umekunjamana. “Fundi, mashine yako mbovu leo.” Grafu yake ilikuwa na vilele vipana, vimelala. Nikainua neli kwenye mwanga: ukungu, na chembe zimetuama chini. “Mdogo wangu, chembe hizi zinavuruga uga wa sumaku. Kachuje kwanza.” Akabisha. Mwenzake alipima jana na matokeo yalikuwa sawa. Nikaingiza sampuli yangu ya ukaguzi mbele ya macho yake. Vilele vikasimama vyembamba, wima. Bado akabisha. Akaenda, akarudi amechuja, lakini nusu ya kimiminika imepotelea njiani. Nikachukua rula nikamwonyesha: kimo kinatakiwa kiwe kama sentimita 4, chake hakikufika 2. Mwishowe tukakaa wote wawili, pamba kidogo kwenye pipeti ya kioo, tukaongeza kiyeyushi, tukachuja tone kwa tone. Mlangoni mwanafizikia anatazama saa, maana muda unaoliwa ni wake. Grafu ikatoka safi. Kijana akaichukua akaondoka mbio, na chakula changu cha mchana kikawa kimepita.

Mwanafizikia ana unga wa fuwele, na anataka kuona atomu zinavyobadili mpangilio baridi inapozidi. Hiyo ina maana ya kubadilisha probu, kifaa kinachoshika sampuli na kupokea mawimbi yake. Napiga magoti chini ya sumaku, mifuko mitupu, bisibisi isiyovutwa na sumaku. Mgongo unalalamika. Halafu ni kusubiri joto litulie, tunapima, tunalishusha tena.

Katika kusubiri huko huwa nafikiria chombo hiki kilikotoka. Felix Bloch na Edward Purcell walitangaza ugunduzi wao mwaka 1946, wakapata Nobel ya Fizikia mwaka 1952. Richard Ernst akapata ya Kemia mwaka 1991, Kurt Wüthrich naye ya Kemia mwaka 2002 kwa kusoma maumbo ya protini, na mwaka 2003 Paul Lauterbur na Peter Mansfield wakapata ya Tiba kwa picha za ndani ya mwili. Ni viini vilevile ndani ya sumaku. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema sayansi hizi hazihusiani.

Giza limeshaingia. Mwanabiolojia amekaa na protini yake kwenye barafu, anaihofia, kwani joto likiizidi huweza kufumuka na kuganda. Narudisha probu ya vimiminika, narekebisha uga wa sumaku polepole. Kipimo chake kitachukua usiku huu na siku nzima ya kesho. Jina langu huenda lisionekane kwenye makala yake, lakini data yake haitapatikana bila mikono hii.

Nabandika karatasi mlangoni: msiguse. Simu inalia. Yule kijana wa asubuhi ana sampuli nyingine, ameshazichuja mwenyewe, anaomba zamu. Nimemwandika wa kwanza, protini ikishatoka.