Mji Haukui kwa Wahamiaji Peke Yao

Kila mjadala kuhusu msongamano wa mijini unapoanza, lawama humwangukia mtu yuleyule: kijana aliyeacha jembe kijijini akakimbilia mjini. Lawama hiyo hunisikitisha, kwa sababu imeshika kipande kimoja cha habari na kukifanya habari nzima.

Ni kweli kwamba watu huhama, tena kwa sababu za msingi. Shamba lililomlisha babu, likigawanywa kwa wanawe na kisha kwa wajukuu, hubaki vipande visivyoweza kulisha kaya. Mvua nazo zikikosekana misimu miwili mfululizo, hata mwenye ardhi ya kutosha hufunga safari. Mjini ndiko viliko viwanda, vyuo, hospitali za rufaa na wateja wengi. Hata hivyo, miji hukua pia kwa watoto wanaozaliwa humohumo, kwa kuwa wakazi wake wengi ni vijana walio katika umri wa kuzaa. Aidha, mipaka ya mji husogea na kuvimeza vijiji vya jirani, hivi kwamba mtu huwa mkazi wa mji bila kuhama hata hatua moja. Kwa hiyo, hata kama njia zote za kutoka vijijini zingefungwa leo, miji ingeendelea kupanuka.

Historia inatuonyesha hatari ilipo. Sensa ya mwaka 1851 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales walikuwa tayari wakiishi mijini, lakini huduma zilikuwa nyuma mno. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika eneo moja la London, na daktari John Snow akavihusisha vifo hivyo na pampu ya maji ya Broad Street. Ilibidi uvundo wa mto Thames, unaopita London, uwafikie wabunge wenyewe, katika kiangazi cha mwaka 1858, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha na mamlaka ya kujenga mfumo mkubwa wa majitaka. Watu hawakurudishwa mashambani. Kilichobadilika ni kilichokuwa chini ya miguu yao.

Leo kasi ni kubwa zaidi. Mwaka 1950 takriban asilimia 30 ya watu duniani waliishi mijini; kufikia mwaka 2007 walikuwa nusu. Nchini China, sehemu hiyo ilikuwa chini ya asilimia 20 mwaka 1978, na sasa imepita asilimia 60. Viwanda vya China vilihitaji nguvu za wahamiaji, lakini mfumo wa usajili wa makazi uitwao hukou uliwanyima wengi wao huduma za mijini, na mamilioni ya watoto wakaachwa vijijini wakilelewa na bibi na babu. Sioni haki katika mji unaopokea jasho la mzazi na kumkatalia mwanawe dawati.

Faida za mji sizikani: shule huwa karibu, ajira huwa za aina nyingi, na wanawake wengi hupata nafasi ya kujiamulia mambo ambayo kijijini huamuliwa na ukoo. Madhara yake, hata hivyo, hayagawanywi sawa. Lami na zege huzuia maji ya mvua kuzama ardhini, nayo hukimbilia mabondeni, walikojenga wale ambao hawakumudu viwanja vilivyopimwa. Mahali ambapo bomba halijafika, maskini hununua maji kwa ndoo, mara nyingi kwa bei inayozidi ile anayolipa tajiri mwenye bomba lake. Jakarta, jiji la Indonesia ambako kwa miaka mingi visima vimechimbwa kufidia upungufu wa maji ya bomba, ardhi yenyewe inadidimia.

Ndiyo maana navutiwa na ramani ya mitaa ya Manhattan, kitovu cha jiji la New York, ya mwaka 1811. Jiji la New York lilikuwa na watu wasiofika laki moja, lakini makamishna walichora mitaa hadi mbali sana mashambani, huku baadhi ya wenye ardhi wakipinga vikali. Waliohamia huko miongo kadhaa baadaye walikuta njia za barabara zimeshatengwa, ingawa baadhi ya nyumba za zamani zilibomolewa au kuhamishwa ili kuzifungua.