Kumbukumbu ya mradi wa kijito: matope ya kalavati yanatoka kwenye kingo

Wiki ya 1: vipimo kabla ya koleo

Kipande cha kazi ni mita 180, kuanzia kona ya juu hadi mdomo wa kalavati. Mteremko umepimwa kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule mafundi hutumia kutafutia levo. Toka juu hadi chini tofauti ni mita 1.8, yaani asilimia 1. Mpira ukiwa na kiputo hata kimoja cha hewa kipimo kinadanganya, kwa hiyo kila mara ncha mbili huwekwa pamoja kwanza na maji yalingane ndipo mtu mmoja aondoke na ncha yake.

Eneo linalomwaga maji kijitoni ni kama hekta 20. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, na nusu yake ikatiririka badala ya kuzama, ni mita za ujazo 5,000 zinazotafuta njia. Hiyo ni mita za ujazo 1.4 kwa sekunde.

Kalavati ni bomba la zege lenye kipenyo cha milimita 900, urefu mita 12, mteremko uleule wa asilimia 1. Likiwa safi, kwa hesabu ya Manning (kanuni ya kukadiria maji yanayopita kwenye bomba au mfereji), linapitisha takriban mita za ujazo 1.8 kwa sekunde. Linatosha. Ila tulipochomeka mwanzi wenye alama, matope yalifika nusu ya kipenyo. Wengi hudhani bomba lililojaa nusu linapitisha nusu ya maji. Sivyo. Matope yanapunguza nafasi na papo hapo yanaongeza sehemu ambayo maji yanasugua, hivyo kinachobaki ni zaidi kidogo ya theluthi moja: karibu mita za ujazo 0.65 kwa sekunde. Maji 1.4 yanakuja, 0.65 yanapita, yaliyobaki yanaingia sebuleni mwa watu.

Kwa hiyo hatukuhitaji bomba kubwa zaidi, wala kuchimba kijito kiwe na kina zaidi. Kilichohitajika ni matope yatoke, kisha yasirudi. Kuzibua tu kila mwaka ni kuteka maji kwa pakacha.

Mwendo wa maji ya kawaida umepimwa kwa chupa iliyojazwa nusu, ikielea mita 10. Sekunde 25, maana yake mita 0.4 kwa sekunde juu ya maji. Chini maji huenda polepole zaidi, hivyo tunazidisha kwa 0.85 na kupata 0.34. Upana mita 1.8, kina mita 0.3: takriban lita 184 kwa sekunde. Pima mara tatu, chukua wastani, na uchague kipande kilichonyooka. Chupa ikigusa nyasi za pembeni kipimo hicho kitupwe.

Kibali cha kugusa mkondo kiliombwa wiki hii hii. Majirani wa chini ya kalavati waliarifiwa pia, maana maji yakifunguliwa huku yanawafikia wao mapema kuliko walivyozoea.

Wiki ya 2 na ya 3: kuzibua, kuanzia chini kwenda juu

Mpangilio huu haubadilishwi. Ukianza juu, kila kinachong'oka kinasafiri hadi kwenye kalavati na kulikaza zaidi. Tulianza upande wa kutokea maji, tukafungua mita 6 za mkondo hapo, ndipo bomba lenyewe.

Hakuna anayeingia ndani ya bomba. Hewa inaweza kuwa mbaya, na mvua iliyonyesha juu huko inaweza kufika bila kutoa hodi. Kamba nyembamba ilipitishwa kwa kibuyu cha plastiki kilichoelea, ikavuta kamba nene, na kamba nene ikavuta nusu pipa la lita 200 lililokatwa kwa urefu na kutobolewa matundu ya kutolea maji. Watu wanne upande huu wanavuta likiwa limejaa, wawili upande ule wanalirudisha tupu. Nusu ya bomba la mita 12 ni mita za ujazo 3.8, sawa na toroli zaidi ya 60 za lita 60. Tulikosea mwanzoni kwa kufunga kamba kwenye tundu moja tu la mbele: pipa lilikuwa linainua pua na kuteleza juu ya matope. Kamba ikifungwa Y, miguu miwili ikishika pembe za chini za mdomo, pipa linakwangua.

Matope hayakuwekwa ukingoni hata kwa siku moja. Mvua moja tu na yamerudi nyumbani kwao. Yalipelekwa nje ya mstari unaofikiwa na maji.

Vifaa vya mwili: mabuti ya mpira hadi magotini, glovu nene, na chanjo ya pepopunda iwe hai. Mikojo ya panya ndani ya maji huambukiza leptospirosi, ugonjwa wa bakteria unaoingilia kwenye vidonda, hivyo mwenye kidonda kibichi abaki kwenye toroli. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo mawingu yakitanda upande wa juu, wote nje.

Kuna kitu kimoja hatukuondoa: magogo na mizizi iliyoshika kingo. Mti uliolala katikati ya mkondo na kuziba hutolewa. Ule ulioegemea ukingo, ukiwa na mizizi hai, unaachwa. Ari ya usafi imeshaharibu vijito vingi kuliko uvivu.

Wiki ya 4 hadi ya 7: kingo

Hapa ndipo kazi ilipo. Matope mengi ya kalavati hayatoki mbali. Mita 40 za ukingo wa kushoto zilikuwa zimesimama wima kama ukuta, kimo mita 1.2, na chini yake maji yamekula pango la sentimita 20 hadi 30. Ukingo wa namna hiyo mara nyingi hauanguki mvua inaponyesha, unaanguka maji yanaposhuka: udongo umelowa, ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Ukiona nyufa zinazofuatana na ukingo sentimita 30 hivi kutoka ukingoni, usisimame hapo.

Tumeulaza kwa 1:2, kimo 1 kwa ulalo 2. Kimo cha 1.2 kinahitaji nafasi ya mita 2.4 kwenda nyuma, na udongo wa kukata ni mita za ujazo 1.44 kwa kila mita ya ukingo. Kwa mita 40 ni karibu 58. Kata kutoka juu kwenda chini. Anayechimba chini kwanza anajichimbia shimo lake.

Faida yake si uimara peke yake. Mkondo wenye kitako cha mita 1.5 na kuta wima una nafasi ya mita za mraba 1.5 maji yakifika kina cha mita 1. Kitako kilekile, kingo zote mbili zikilazwa 1:2, nafasi inakuwa 3.5. Sisi tumelaza upande mmoja tu, kwa hiyo ni 2.5.

Juu ya ukingo uliolazwa tumetandika wavu wa nyuzi za makumbi. Pindo la juu linazikwa kwenye mfereji wa sentimita 20. Vipande hupishana sentimita 30, cha upande wa juu wa maji kikilalia cha chini, kama makuti yanavyolalana kwenye paa. Kinyume chake maji yanaingia chini ya wavu na kuufunua wote. Vigingi vya sentimita 30, viwili kwa kila mita ya mraba. Wavu usining'inie hewani: unatakiwa uguse udongo kila mahali, la sivyo vijifereji vinachimbika chini yake na huvioni mpaka umechelewa.

Kisha vetiva, nyasi zenye mizizi mirefu inayoshika udongo, mistari mitatu inayofuata levo, si kwenda juu na chini. Kila shina liwe na vichipukizi 2 au 3, majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi sentimita 5 hadi 10. Nafasi sentimita 15: shina 267 kwa mstari, 800 kwa jumla, na 120 za akiba. Ukipanua nafasi hadi sentimita 30 ili kubana matumizi, unapata mafungu ya nyasi badala ya uzio, na maji yanapita katikati yakiwa na kasi kuliko awali. Vetiva haipendi kivuli. Chini ya miti miwili mikubwa tulitumia nyasi za hapohapo kijitoni, zilizohamishwa na udongo wake.

Kona ya nje, mita 12, haikuwa na nafasi ya kulaza. Hapo ni gabioni, yaani masanduku ya wavu wa waya yanayojazwa mawe, za mita 2×1×1, tabaka mbili, sanduku 12. Mawe mita za ujazo 24, yaani kama tani 40, kwa hiyo fikiria njia ya kuyafikisha kabla ya kufikiria gabioni. Msingi umechimbwa sentimita 80 chini ya kitako, maana gabioni hufa kwa kuchimbwa miguuni. Matundu ya wavu ni milimita 80 kwa 100, mawe yawe 100 hadi 200. Yapangwe kwa mkono usoni, yasimwagwe, na waya za kufunga uso wa mbele na wa nyuma ziwekwe kila sanduku likijaa theluthi. Ukisubiri lijae kwanza, limeshatoa kitambi. Nyuma, kitambaa cha kuchujia: bila hicho udongo unapenya kati ya mawe na ardhi ya juu inatitia.

Wiki ya 8: kichujio cha takataka

Nondo za milimita 16, nafasi sentimita 15, zimelala kiasi cha digrii 45, mita 3 kabla ya mdomo wa bomba. Eneo la kichujio ni mita za mraba 2, zaidi ya mara tatu ya mdomo wa kalavati (0.64). Nafasi ya sentimita 5 inaonekana nadhifu lakini inazibwa na majani ndani ya dakika chache, na kichujio kilichoziba ni bwawa. Ulalo unasaidia: maji yanasukuma uchafu juu, na reki inaufikia kutoka ukingoni bila mtu kuingia majini.

Wiki ya 11: baada ya mvua kubwa ya kwanza

Mti wa kupimia wenye alama kila sentimita 10 umesimama mita 5 kabla ya kichujio. Mstari wa uchafu ulibaki kwenye sentimita 70. Maji hayakutoka nje ya kingo. Matope ndani ya bomba: sentimita 4.

Kasoro ni mbili. Mwisho wa chini wa wavu, mita 2 hivi, umefunuka kwa sababu pale hatukuuzika, tuliupigilia vigingi tu. Na shina 61 za vetiva zimekufa, karibu zote zikiwa zile za mstari wa juu, ambao maji ya kijito hayaufikii na ulimwagiliwa mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Akiba ya 120 inatosha kujazia. Jumamosi tunachimba mfereji wa kuzikia lile pindo, kisha tunapanda.