Barua taka kwenye seva yako: kagua DNS kabla ya kuandika kanuni

Barua taka zikizidi, wengi hukimbilia kanuni: zuia neno hili, funga kikoa kile. Mtumaji hubadilisha neno, kanuni inabaki pambo. Kwa anayeendesha Postfix (seva ya kupokea na kutuma barua pepe) na Rspamd (kichujio cha taka), pa kuanzia ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya mtandaoni kuwa anwani.

Orodha nyeusi ya anwani zinazotuma taka, kama ya Spamhaus, huulizwa kwa DNS. Maswali yako yakipitia resolva (seva inayokutafutia majibu ya DNS) ya umma kama 8.8.8.8, hupewi jibu la kweli, hurudishwa 127.255.255.254, yaani umekuja kwa njia isiyoruhusiwa. Rspamd hulitambua jibu hilo na haliongezi alama yoyote ya utaka kwa barua, kwa hiyo orodha inakuwa kama haipo na wewe huna habari. Postfix ni hatari zaidi: ukiandika `reject_rbl_client zen.spamhaus.org` bila kitu kingine, jibu lolote huhesabiwa kuwa ushahidi, na barua halali zinakataliwa kwa mkupuo. Badala yake andika `reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`, ili majibu hayo tu ndiyo yahesabiwe.

Dawa ni kusakinisha Unbound, resolva yako mwenyewe, kwenye seva hiyohiyo, iulize yenyewe kuanzia mzizi wa DNS, bila kuelekeza maswali kwa resolva nyingine. Weka `nameserver 127.0.0.1` kwenye `/etc/resolv.conf`, kisha jaribu:

`dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`

Ukiona 127.0.0.2 kati ya majibu, njia iko wazi. Rudia jaribio baada ya kuwasha mashine upya, kwa sababu DHCP (inayoipa mashine mipangilio ya mtandao) hupenda kuliandika faili hilo upya. Kwenye Debian, Postfix ikiwa ndani ya chroot (folda iliyotengwa) hutumia nakala ya faili hilo iliyoko `/var/spool/postfix/etc`, basi Postfix nayo uianzishe upya.

Sasa Bayes, sehemu ya Rspamd inayojifunza kutofautisha taka na barua halali. Kwa mipangilio ya kawaida, Rspamd haiitumii hadi ijifunze barua taka 200 na barua halali 200. Hapo kwenye halali ndipo watu hukwama: wanalisha taka mwezi mzima, halali hakuna, halafu wanasema Bayes haifai kitu. Endesha `rspamc learn_ham` juu ya folda za barua ulizozihifadhi, kisha tazama hesabu kwa `rspamc stat`.

Baadaye acha imapsieve ya Dovecot (seva ya visanduku vya barua) ifanye kazi: barua ikiingizwa Junk, ifunzwe kuwa taka, ikitolewa, ifunzwe kuwa halali. Ila usisahau kuitenga Trash. Bila hivyo, kila taka unayoitoa Junk na kuitupa itafunzwa kuwa halali, na kichujio kitapotoka kidogo kidogo bila wewe kujua kwa nini.

Vizingiti vya kawaida vya alama katika Rspamd ni 4 kwa kucheleweshwa, 6 kwa kuwekewa kichwa cha taka, 15 kwa kukataliwa. Hicho cha 15 kiache. Ucheleweshaji huchukua kama dakika 5, na huumiza pale unaposubiri namba za kuthibitisha akaunti. Zikikwama, mruhusu mtumaji huyo. Usikatae barua kwa sababu SPF (ukaguzi wa seva zinazoruhusiwa kutumia kikoa) pekee imeshindwa, maana barua iliyopitishwa na seva nyingine huivunja SPF hata ikiwa halali. DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ya barua, mara nyingi husalimika.

Taka ikipenya, weka `extended_spam_headers = true` kwenye `local.d/milter_headers.conf` usome alama moja moja. Rekebisha uzito wa ile iliyokosea, si kizingiti kizima.