Siku Dagaa Walipoporomoka

Simu iliita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, namba nisiyoijua. Sauti ya mama mtu mzima, hata salamu hakutoa.

"Wewe ndiye uliyeandika dagaa wameshuka bei?"

Nilimjibu sijaandika mimi, imeandikwa na programu. Akanyamaza kidogo. "Programu ndiyo nani? Jina lililopo hapa chini ni lako."

Hiyo ilikuwa 2022. Kwa miaka kumi na moja kabla ya hapo habari za masoko nilizifanya kwa miguu. Saa kumi na moja alfajiri nipo Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, suruali nimeikunja, daftari nimelibana kwapani, najifanya mnunuzi ili niambiwe bei ya kweli. Wenye magunia walinijua, na walinidanganya kwa heshima.

Kisha tukaitwa semina. Mwezeshaji alitokea Dar na slaidi zake, akatuambia shirika la habari la AP huko Marekani lilianza tangu 2014 kuiachia kompyuta taarifa za mapato ya makampuni, na kutoka takribani 300 kwa robo mwaka zikafika zaidi ya 3,000. Hakuna aliyefukuzwa, akasema. Waandishi walipata nafasi ya kufanya kazi kubwa zaidi. Mwenzangu mmoja aliuliza kuhusu makorespondenti wanaolipwa kwa kila habari. Mwezeshaji akasema hilo ni la uongozi. Miezi miwili baadaye korespondenti wetu wa Kirumba aliambiwa asilete tena bei, na bei ndizo zilizokuwa zinamlipia kodi ya nyumba.

Programu yenyewe haikuwa na maajabu. Kijana wa sokoni anajaza fomu kwenye simu, namba zinaingia kwenye jedwali, usiku mashine inalinganisha ya leo na ya jana halafu inachagua sentensi. Ikizidi kidogo, "imepanda". Ikizidi sana, "imepaa". Ikishuka zaidi ya nusu, "imeporomoka". Sentensi hizo niliziandika mimi. Waliniomba mwenyewe, mkongwe wa masoko, nikae siku tatu nitunge maneno ya kila hali. Nililipenda sana lile "imeporomoka", nikaona litawavuta wasomaji.

Nafasi ya kazi kubwa niliyoahidiwa ikageuka foleni. Musoma, Bukoba, Geita, Shinyanga, Mwanza: kila jioni habari arobaini na kitu zinanisubiri, kila moja na kitufe cha "Idhinisha". Cheo changu kipya kiliitwa mhakiki. Wiki ya kwanza nilizisoma zote. Wiki ya tatu nilisoma vichwa vya habari. Usiku wa kuamkia simu ile nilikuwa barazani kwangu Nyegezi, sahani ya wali mapajani, nabonyeza kwa kidole gumba, na kichwa kimojawapo kilisema: "Bei ya dagaa yaporomoka kwa asilimia 80 Kirumba". Nikabonyeza.

"Wateja wangu wa Kahama wamenionyesha simu," yule mama aliendelea. "Gari lao liko hapa, wanataka kwa bei yako. Njoo uwauzie wewe."

Nilipanda bodaboda. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, khanga kiunoni, wanunuzi wawili wamesimama pembeni wamenuna. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikitumaini itapoza. Aliitikia kwa sababu salamu haikataliwi.

"Mwanangu, jana usiku ulilala wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Hukuona mwezi?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga huzagaa ziwani kote, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inakaa nchi kavu. Siku za mbalamwezi mzigo unapungua na bei haishuki, aghalabu hupanda. Mtoto wa shule wa Ilemela analijua hilo. Na mwezi niliuona. Uling'aa hata nikala wali wangu bila kuwasha taa ya baraza.

Yule kijana wa fomu tulimpata karibu na mizani. Hakuwa na kosa la kustahili kipigo. Mzigo ulikuwa haba, wauzaji wameacha kupimia debe, wanapimia sado, naye akaandika bei aliyotajiwa: 8,000. Juzi yake aliandika 40,000, ya debe. Debe lita 20, sado lita 4. Gawanya, utakuta bei haikusogea hata shilingi. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kipimo. Mimi nilikuwepo ilipotungwa na sikuliona hilo, maana enzi zangu kipimo nilikiona kwa macho, hakuna aliyehitaji kunitajia.

Nilipiga Dar kuomba habari iondolewe. Kijana wa mitambo alinifariji kwamba hata wakubwa yamewakuta: Juni 2017 roboti ya Los Angeles Times ilitangaza tetemeko la kipimo cha 6.8 huko Santa Barbara, kumbe ni la 1925, watu wa jiolojia walikuwa wanarekebisha kumbukumbu zake. Nilicheka, lakini pale mbele yangu wale wa Kahama walikuwa bado hawajalipa.

Masahihisho niliyaandika kwa mkono wangu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamsomea mama kabla ya kuyatuma. Akanisahihisha sehemu mbili. Kisha akachota dagaa kwa sado, akawajaza mpaka wakafanya kilima juu ya mdomo wa kopo.

"Huyu ni mteja wangu," akasema. Akapitisha kiganja, kilima kikaanguka guniani. "Na huyu ni mpita njia. Zote sado. Kwenye simu yenu mtaandika ipi?"

Nilinunua ile ya pili, 8,000, sikuthubutu kuomba nyongeza.