Fito 42, vipande 92: nilivyomtengenezea mwanangu wa kwanza kitanda

Mimi si seremala. Naranda na kuchonga mwisho wa juma, uani kwangu Chuno hapa Mtwara, na mpaka mwaka jana kazi zangu za kujivunia zilikuwa vigoda, mbuzi za kukunia nazi, na rafu moja iliyopinda ambayo mke wangu anaiita dau. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa tano nikatangaza kwamba kitanda cha mtoto hakinunuliwi. Kuanzia siku hiyo kila aliyepita uani alikuwa na ushauri, na mwingi ulikuwa wa kuniponza.

Cha kwanza kilinishinda, na makosa yalikuwa yangu mwenyewe. Nilipima kwa jicho. Kwa ndani kitanda kilikuwa sentimeta 120 kwa 60, ambao ni ukubwa mzuri, lakini upande mrefu niliupa fito 11 zenye upana wa sentimeta 3. Nikasimama kwa mbali, nikaona kimependeza. Fanya hesabu uone: fito 11 zinakula sentimeta 33, zinabaki 87, na mapengo ni 12. Kila pengo ni sentimeta 7 na robo. Nikachukua kopo la soda, lile nene la mililita 330 lenye kipenyo cha milimita 66, nikalisukuma kati ya fito. Likapita bila hata kugusa.

Anayekuambia "kichwa cha mtoto hakipiti hapo" hajafikiri mtoto anavyoteleza. Mtoto hatangulizi kichwa. Miguu hutoka kwanza, kiuno na kifua vinafuata, kichwa kinabaki ndani, na mwili wote unaning'inia shingoni. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya, EN 716, kinataka pengo liwe kati ya milimita 45 na 65, na Marekani hawavuki 60. Chini ya 45 nako kuna ubaya wake, kwa sababu mkono au mguu unaingia ukagoma kutoka. Nilirudia hesabu: fito 14 upande mrefu zinaacha mapengo 15 ya sentimeta 5.2, na fito 7 upande mfupi zinaacha mapengo 8 ya 4.9 kasoro kidogo.

Kosa la pili lilikuwa mbao mbichi. Nilinunua Februari, katikati ya mvua za huku, mninga ambao muuzaji aliapa umekauka. Wiki tatu baadaye fito zilikuwa zinacheza kwenye matundu kama meno ya mzee. Mbao inapokauka hupungua upana, urefu hauguswi sana, kwa hiyo ulimi uliobana leo utalegea kesho hata ukiujaza gundi. Wazee wanapima ukavu kwa kugonga na kusikiliza mlio. Mimi sikio hilo sina, nikatumia mzani wa mke wangu wa kupimia unga wa keki.

Hila yenyewe ni hii. Pasua fito zote mapema, zipange kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite pande zote, weka kitu kizito juu zisijikunje. Chagua fito moja, iandike namba kwa penseli, ipime kila baada ya siku tatu. Yangu ilianza na gramu 243. Ikashuka haraka, halafu polepole, na wiki ya sita ikasoma 198, kisha 197, kisha 197 tena. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, mbao imefikia ukavu ambao hewa ya hapo kwako inaruhusu. Hapo ndipo unaranda vipimo vya mwisho. Mke wangu aliudai mzani wake mara nne.

Mninga nauchagua kwa sababu haujipindi sana ukishakauka, na kiini chake mchwa hauupendi. Kiini, nasema. Ule ukingo mweupe unaozunguka kiini ukate wote utupe, wadudu watoboao mbao wanaanzia hapo. Dai risiti na uangalie alama ya nyundo ya watu wa misitu kwenye mbao, usije ukanyang'anywa mzigo njiani. Mpingo nilio nao wa kuchongea sikuugusa: unaua makali ya randa, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Kwa jumla vumbi la mbao zetu ngumu si la kuchezea. Nilihamisha meza yangu ya kazi kutoka chumba cha pili kwenda uani kabisa, na nguo za kazini hazikuingia tena ndani. Hilo sikuambiwa na mtu yeyote, wakati ndilo lililokuwa la maana kuliko ushauri wote wa rangi.

Sasa niseme kidogo kuhusu mafuta, maana hapa ndipo nilipoumia. Mjomba wa mke wangu, mzee wa watu na namheshimu, alikuja na chupa ya mafuta ya maganda ya korosho. "Mkwe, paka matendegu haya, mchwa hautasogea." Kuhusu mchwa alikuwa sahihi kabisa. Bahati yangu nilijaribia kwenye kipande cha kutupa, nikapaka kwa tambara, tone likatiririka hadi kwenye kiwiko. Usiku ule kiwiko kilianza kuwasha, asubuhi malengelenge, na kufikia mwisho wa wiki ngozi ilikuwa inabanduka kama ya nyoka. Ndiyo maana wabanguaji wanapaka mikono majivu au mafuta kabla ya kukaa kwenye korosho. Kitu hicho kikae kwenye kitanda ambacho mtoto atang'ata? Nilimshukuru mzee, chupa nikaizika mbali.

Mama mkwe yeye akapendekeza mafuta ya nazi, safi, ya kuliwa. Shida ni kwamba mafuta ya nazi hayakauki kwenye mbao, yanabaki mafuta. Mbao inanata, inashika vumbi, na hapa kwetu sisimizi wanapata habari kabla hujafunga kopo.

Nilichotumia mwishoni ni nta ya nyuki peke yake, ile inayoshuka na asali kutoka Liwale. Msasa namba 80, halafu 120, halafu 240. Kabla ya ile 240 futa mbao kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke: vinyweleo vinasimama, unavikata kwa msasa, havirudi tena. Kisha paruza nta iangukie juu ya mbao, weka kitambaa cha pamba, pitisha pasi ya moto wa wastani. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo pasi haihitaji kuwa kali. Inaingia ndani, unasugua kwa tambara kavu, basi. Usiyeyushe nta kwenye sufuria juu ya moto moja kwa moja, inashika moto.

Kuunganisha fito ndipo ninapojisifu, mtanisamehe. Fito 42 zina ncha 84, na kutoboa matundu 84 ya patasi kwa mtu wa Jumamosi ni kutafuta talaka. Badala yake nilichimba mfereji mmoja mrefu kwenye kila mfumbati (mti wa upande mrefu) na kila kitakizo (mti wa upande mfupi), wa juu na wa chini: upana milimita 15, sawa na unene wa fito, kina milimita 12. Halafu nikakata vipande vya kujazia, upana uleule, urefu sawasawa na pengo. Unatia gundi nyeupe ya mbao, kipande, fito, kipande, fito, mpaka mwisho. Nafasi zinajipanga zenyewe, futi kamba huigusi. Pande ndefu zinakula vipande 60 vya sentimeta 5.2, pande fupi 32. Kwa kuwa zile fupi nilikata 4.9 badala ya 4.875, zilizidi milimita 2 kwa jumla, kipande cha mwisho nikakipunguza kwa tupa. Gundi ikikauka laza upande juu ya vigoda viwili, funga ndoo ya lita 20 yenye maji katikati ya fito moja moja. Yangu hakuna iliyolia.

Fundi mmoja alinishauri upande mmoja uwe wa kushuka, eti mama asiinamie sana. Marekani walivipiga marufuku vitanda vya namna hiyo mwaka 2011, kwa sababu upande ukilegea unafungua mwanya na mtoto ananaswa. Pande zangu zote nne hazisogei. Zinashika kwenye matendegu kwa bolti za spana namba 10, za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida zinaliwa na hewa ya chumvi kabla mtoto hajatambaa.

Matendegu yaishie sawa na mfumbati wa juu. Kichwa kikichomoza hata kidogo kinanasa nguo.

Chaga nimeziwekea matundu ya ngazi mbili: sentimeta 30 chini ya ukingo kwa mtoto mchanga asiyejua kukaa, na 60 kwa anayejivuta asimame. Godoro la inchi 4, gumu, lililojaa kitandani hata vidole viwili visipite pembeni. Mto hakuna, wala mablanketi ya maua waliyoleta mashangazi. Analala chali.

Chandarua tulipewa kliniki. Kianike kivulini saa 24 kabla ya kukitumia. Nilitengeneza fremu nyepesi ya 150 kwa 90, pana kuliko kitanda, nikaitundika darini, chandarua kikashuka nje ya fito mpaka sakafuni na kulala sentimeta 20. Kikigusa fito mbu anamuuma mtoto kupitia kwenye matundu, mkono ukiwa umeegemea hapo. Kuna aliyeniambia niweke matendegu kwenye makopo ya maji kuzuia sisimizi. Ukifanya hivyo unafuga mbu chini ya kitanda cha mwanao.

Gharama? Mbao zilikula elfu themanini na kitu, ukiacha zile za kitanda cha kwanza ambazo sasa ni tenga la kuku. Bolti, gundi, msasa na godoro, jumla tuseme laki moja na nusu, labda zaidi.

Binti sasa ana miezi minane. Chaga zilishuka ngazi ya chini wiki aliyojivuta kwa mara ya kwanza. Bolti nazikaza kila mwisho wa mwezi, maana akitikisa zinalegea, na anatikisa sana. Mfumbati wa mbele una alama za meno mawili, na hapo tu ndipo nimerudia nta.